Unaenda kwa nani? Somo fupi la «ku», «kwa» na «kufikia» katika bandari ya Kituku

1. Swali la bandarini

Abiria wa boti anaposhuka Kituku, mara nyingi swali la kwanza analokutana nalo si «Unaenda wapi?» Anaulizwa: «Unaenda kwa nani?» Anayeuliza anaweza kuwa mchukuzi wa mizigo, motari anayetafuta mteja wa pikipiki yake, au mama anayeuza sambaza kandokando ya maji. Abiria wengi wana jibu tayari mdomoni: kwa yaya, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa shemeji. Liko kundi moja la wasafiri ambao jibu hilo huwakwama. Ni vijana wa miaka 17 au 18 waliomaliza mwaka wa sita wa sekondari, wakafaulu mtihani wa Leta, na sasa wanakuja Goma peke yao kutazama vyuo kabla ya kuchagua. Wao hawaendi kwa mtu. Wanaenda kuona mahali.

Somo hili linachukua swali hilo moja na kulichambua kisarufi. Litatazama vipashio viwili, ku na kwa, na kitenzi kimoja, kufikia, jinsi vinavyotumika katika Kiswahili cha Goma, vikilinganishwa na Kiswahili sanifu na lugha za jirani. Baada ya hapo litaonyesha kwamba tofauti ya ku na kwa si jambo la darasani tu. Kwa kijana anayesafiri peke yake juu ya Ziwa Kivu, ndiyo tofauti kati ya msafiri anayengojwa na msafiri asiyengojwa.

2. Mahali na data

Kituku ni soko na bandari kwa pamoja, upande wa Kyeshero, magharibi mwa mji wa Goma. Hapa hushushwa makala, ndizi, maharagwe na ananasi. Hapa pia watu huteka maji ya ziwa kwa bido za njano na kuyapandisha mitaani. Boti za mbao huunganisha Kituku na Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi. Kwa mtu wa Minova, barabara ya Sake ilikuwa njia ya pili, hadi mapigano ya mwanzoni mwa 2024 yalipoifunga na kusukuma watu na mizigo yao ziwani. Kwa mtu wa Idjwi haijawahi kuwapo njia ya pili. Kisiwa ni kisiwa.

Mimi ni mtu wa Idjwi. Lugha yangu ya kwanza ni Kihavu; Kiswahili nilikipata shuleni, sokoni na katika redio. Nilishuka Kituku mara ya kwanza bila mzazi Septemba 2018, nikiwa na miaka 18. Nilikuwa na bahasha ya plastiki yenye matokeo ya mtihani, buletini za miaka miwili ya mwisho na picha ndogo nne. Mpango wangu ulikuwa kutazama vyuo vitatu kwa siku tatu, kuuliza bei ya masomo, kisha kurudi nyumbani na kusema: ni hiki. Data ya somo hili inatoka katika safari hiyo, ninayoikumbuka vizuri, na katika asubuhi kadhaa za Agosti na Septemba 2024 nilipokaa Kituku na daftari, nikiandika maneno ya watu wanaoshuka na wanaowapokea. Ni data ndogo. Msomaji aichukue kama mlango tu, nyumba yenyewe bado kujengwa.

3. «Ku» ya mahali na «kwa» ya mtu

Tuanze na mifano minne. Upande wa kwanza ni Kiswahili cha Goma, upande wa pili ni sanifu.

(1) Naenda ku Goma. / Ninaenda Goma.
(2) Naenda ku soko. / Ninaenda sokoni.
(3) Tuko mu bato. / Tumo botini.
(4) Naenda kwa yaya. / Ninaenda kwa kaka (au dada) yangu mkubwa.

Jambo la kwanza linaonekana haraka. Kiswahili sanifu huonyesha mahali kwa kiambishi tamati -ni, na majina ya miji hukiacha bila kitu. Kiswahili cha Goma huweka ku au mu mbele ya nomino, hata mbele ya jina la mji. Katika mitihani yetu «ku soko» husahihishwa kwa wino mwekundu kuwa «sokoni», na kwa karatasi ya sanifu ni haki. Lakini mwanafunzi asidhani kwamba «ku soko» ni usanifu uliovunjika. Ni mfumo kamili, nao una ndugu. Kinyarwanda husema «ku isoko» kwa sokoni na «mu nzu» kwa nyumbani. Lugha nyingi za Kibantu huweka alama ya mahali mwanzoni. Ni Kiswahili cha pwani kilichozoea kuiweka mwishoni. Kwa hiyo, katika hili, Kiswahili cha Goma kinafuata ukoo mpana wa Kibantu.

Jambo la pili ni la umilikaji. Katika sanifu tunasema «nyumbani kwangu»: neno la umilikaji linapatana na mahali, ndiyo sababu lina kw-. Goma tunasema «ku nyumba yangu»: umilikaji unapatana na nomino nyumba, si na mahali. Hii ina maana kwamba katika usemi wa Goma mahali pamepoteza sehemu kubwa ya upatanisho wake. Hata hivyo lipo kundi dogo la maneno ambamo upatanisho huo umebaki imara: kwangu, kwako, kwake, kwetu, kwenu, kwabo. Hayo hakuna anayeyaacha. Mtoto wa mjini ambaye hajawahi kutamka «sokoni» husema «kwetu» kila siku.

Jambo la tatu ndilo kiini cha somo. Tazama mfano (4). Sikumsikia mtu yeyote Kituku akisema *ku yaya, wala sikumsikia akisema *kwa soko. (Alama ya nyota, kama kawaida, ni kwa usemi usiokubalika.) Nomino ya mahali huchukua ku, nomino ya mtu huchukua kwa. Mpaka uko wazi.

Kwa nini? Umbo lenyewe linajieleza. Kwa imeundwa na sehemu mbili: ku-, ambayo ni kipatanishi cha ngeli ya mahali, na -a, ile -a ya uhusiano tunayoikuta katika «mtoto wa mama», «kitabu cha mwalimu», «nyumba ya mjomba». Tukiandika hesabu yake:

(5) ku- (mahali) + -a (ya uhusiano) = kwa

Kwa maneno mengine, ku inataja mahali. Kwa inataja mahali penye mwenyewe. Ukisema «naenda kwa yaya» hujataja nyumba, barabara wala mtaa. Umesema unaelekea pale ambapo ni pa yaya, popote alipo. Yaya akihama kutoka Birere kwenda Ndosho, sentensi yako haibadiliki hata silabi moja. Kwa humfuata mtu.

Ndugu wa hapa jirani wanathibitisha. Mnyarwanda aliyesema «ku isoko» husema «kwa muganga» anapokwenda kwa daktari. Kilingala nacho, ingawa hutumia «na» kwa mahali pa kila aina, kina njia ya pekee kwa watu: «epai ya nani» ni kwa nani. Hata Kifaransa tunachosomea hutenganisha «à» ya mji na «chez» ya mtu. Lugha hizi hazikukubaliana kwenye mkutano. Kila moja, kwa njia yake, imeona kwamba kufika mahali ni jambo moja na kufika kwa mtu ni jambo jingine.

Kuna ushahidi mwingine, katika majina ya mitaa ya Afrika Mashariki. Nairobi kuna Mukuru kwa Njenga. Dar es Salaam kuna kituo kinachoitwa Kwa Aziz Ali. Ni sehemu za miji, zenye maelfu ya watu wasiomjua mwenye jina, na bado kwa inadai jina la mtu ili ikae. Bila mtu nyuma yake, haisimami.

Na kuna matumizi moja ambayo mwanzoni yalinisumbua, kwa sababu yalionekana kuvunja kanuni. Watu husema «anasoma kwa mapadri», «analala kwa masista». Shule ni mahali; mbona kwa? Jibu ni kwamba msemaji hataji shule. Anataja watu wa shule. Taasisi ikijulikana kwa nyuso za watu wake, sarufi huihamisha kutoka upande wa ku kwenda upande wa kwa. Msomaji aiweke akilini hoja hii, tutairudia mwishoni.

4. Kufika na kufikia

Kipashio cha tatu ni kitenzi. Kufika ni kitenzi kisicho na deni: «Umefika?» «Nimefika.» Tukikiongezea kiambishi cha kauli ya kutendea, -i-, tunapata kufikia, na papo hapo kitenzi kinadai kitu mbele yake. Kinaweza kudai lengo («tumelifikia lengo»), au kinaweza kudai pa kukaa:

(6) Nimefikia kwa shangazi.

Maana yake si kwamba nimegusa mlango wa shangazi. Maana yake ni kwamba shangazi ndiye mwenyeji wangu: nitalala kwake, nitakula kwake, nikichelewa atauliza. Sanifu na Goma hapa wako pamoja; tofauti ni ya matamshi tu. Inawezekana pia kufikia mahali, kwa mfano hotelini, lakini hilo ni jibu la mtu mwenye pesa, na Kituku halisikiki sana.

Sasa tunaweza kusoma swali la bandarini kwa ukamilifu wake. Mama anapomuuliza kijana:

(7) Utafikia kwa nani?

kuna mambo mawili ya kisarufi yaliyofungwa pamoja. Kitenzi cha kutendea kinadai mpokeaji, na kwa inadai kwamba mpokeaji huyo awe mtu. Swali halina nafasi ya jibu lenye ku. Kijana anayejibu «ku iniversite» hajakosea sarufi ya sentensi yake. Amejibu swali ambalo hakuulizwa.

5. «Iniversite haiko mutu»

Hivyo ndivyo ilivyonipata. Katika boti ya 2018 nilikaa juu ya gunia karibu na mama mmoja mwenye vikapu vya ananasi. Tulipoanza kuiona Goma, aliniuliza:

(8) — Weye, unaenda kwa nani?
— Naenda kuona iniversite.
— Niliuliza: kwa nani?
— Siko na mutu.

Sentensi yangu ya mwisho, «siko na mutu», kwa sanifu ni «sina mtu». Boti ilikuwa imejaa watu mpaka ukingoni, na mimi nilikuwa nasema sina mtu, na kila aliyesikia alielewa. Hapa tunajifunza maana ya «peke yake» huko Kituku. Kamusi inaweza kukwambia ni «bila mwingine». Bandarini maana yake ni «bila mtu wake». Unaweza kusafiri na watu mia na bado uwe peke yako.

Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema:

(9) Basi sema unaenda kwangu.

Tuliposhuka, mchukuzi mmoja alinishika mkono wa begi na kuanza maswali yake. Mama akamjibu kabla yangu: «Uyu ni mutoto wangu.» Mchukuzi akaniacha. Hakuna kilichobadilika mwilini mwangu wala mfukoni mwangu. Nilikuwa nimehamishwa tu kutoka ku kwenda kwa, kwa sentensi ya maneno manne. Usiku huo na uliofuata nililala mkekani na watoto wake.

Asubuhi nilikwenda kwenye chuo cha kwanza. Sitakitaja, kwa sababu jambo hili lingeweza kutokea katika lango lolote la mji huu. Mlinzi aliniuliza swali lile lile:

(10) — Unaenda kwa nani?
— Nakuja kuona iniversite.
— Iniversite haiko mutu.

Kwa sanifu: chuo kikuu si mtu. Nilisimama nje hadi karibu saa sita mchana. Siku ile nilimchukia mlinzi. Leo, nikiwa mwanafunzi wa isimu, naona kwamba alikuwa mwanasarufi mzuri. Aliniuliza swali la kwa, nikampa jibu la ku, akanionyesha kosa liko wapi. Asingeweza kuandika katika daftari lake la wageni kwamba nimeenda kwa jengo.

Niliingia saa sita kwa sababu mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitoka alisikia lafudhi yangu, akanisalimu kwa Kihavu na kumwambia mlinzi: «Anakuja kwangu.» Hatukuwa tumeonana hata mara moja maishani.

6. Kukabidhiwa

Katika daftari langu la 2024 mifano ya aina ya (9) ni mingi kuliko nilivyotazamia. Wazazi wanaosindikiza kijana hadi kwenye boti huko kisiwani hutazama abiria, huchagua uso, kisha husema:

(11) Mama, nakuachia uyu mutoto. Anaenda kusoma.

Angalia mambo matatu. Kwanza, anayeombwa huitwa mama, hata kama ana umri wa dada wa kijana. Jina la ukoo hutangulia ombi, kwa sababu ombi hili huombwa ndugu. Pili, kijana mwenye diplome ya Leta, ambaye nyumbani ameshaanza kuitwa mkubwa na wadogo zake, hapa hurudishwa kuwa mutoto. Vijana wengi hukunja uso wanaposikia. Lakini mutoto hapa si neno la umri. Ni neno la uhusiano: mutoto ni mtu ambaye kuna mwingine anayemjibia. Tatu, kitenzi ni cha kutendea tena: kuachia, si kuacha. Ukimwacha mtoto, umemtupa. Ukimwachia mtu mtoto, umemkabidhi. Kiambishi hiki kidogo, -i-, ndicho kinachobeba mtu wa pili.

Lugha yetu, basi, haimkatazi kijana kusafiri peke yake. Inampa namna ya kusafiri peke yake bila kuwa peke yake: inampatia kwa ya kuazima. Mfumo huu una udhaifu mmoja tu. Unategemea bahati ya nani amekaa juu ya gunia la pili.

7. Orodha

Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mita mia chache kutoka Kituku, ikiwa imekaribia kufika, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278. Idadi ya waliofariki ilitajwa kwanza kuwa 78, kisha 87. Haikuwa ajali ya kwanza. Aprili 2019 boti nyingine ilizama katika ziwa hili upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba watu wapatao 150 hawajulikani walipo.

Tulichambue neno hilo la mwisho, maana hutumika katika kila habari ya ajali: walipo. Lina wa-, kiambishi cha watu. Lina -li-, mzizi wa kuwapo. Lina -po, kirejeshi cha mahali. «Hawajulikani walipo» inasema kwamba watu wanajulikana na mahali pao hapajulikani. Lakini boti inapokuwa haina orodha kamili ya abiria, tunawajuaje hao watu? Tunawajua kwa njia moja: mtu amekuja ufukoni akataja jina. Mke amesema mume wangu alikuwamo. Dada amesema nilikuwa namngoja mdogo wangu. Idadi ya waliopotea, mara nyingi, ni idadi ya watu waliokuwa wakienda kwa mtu.

Nilikwenda Kituku kesho yake. Sitaeleza niliyoyaona. Nitaeleza nililolisikia, kwa sababu ndilo linalohusu somo letu. Swali la bandarini lilikuwa limegeuka. Siku zote mji humuuliza msafiri: «Unaenda kwa nani?» Siku ile mji uliwauliza wanaongoja: «Weye ni nani wake?» Ni swali lile lile limeshikwa kwa ncha ya pili. Palipo na kwa, swali la pili hupata mtu wa kulijibu. Palipo na ku tupu, halipati.

Nilifanya hesabu yangu mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Oktoba ni msimu wa kujiandikisha vyuoni. Mwaka 2018 nilimwambia mama yangu kwamba nitarudi baada ya siku tatu. Kama boti yetu ingezama, yule mama wa ananasi angetafutwa na watoto wake siku ile ile. Mama yangu angeanza kuwa na wasiwasi siku ya nne. Na Goma nzima, mji wenye vyuo vitatu nilivyokuja kuviona, hakuna mtu hata mmoja ambaye angejua kwamba kuna kijana hakufika.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba katika Kiswahili cha Goma ku hutangulia mahali na kwa hutangulia mtu, kwamba kwa ni ku- iliyoongezewa uhusiano, kwamba kufikia na kuachia hudai mtu wa pili ambaye kufika na kuacha havimdai, na kwamba swali «Unaenda kwa nani?», linaloonekana kama udadisi au ukali wa walinzi, ni njia ya zamani ya kuhakikisha kwamba kila anayeingia mjini ana mtu wa kusema hajafika.

Wako wanaosema dawa ni kuwazuia vijana wasisafiri hadi wapate msindikizaji. Sikubaliani nao. Mzazi wa Idjwi mwenye watoto sita na shamba la ananasi hana nauli ya watu wawili, na kijana atakayeishi miaka mitatu au mitano chuoni ana haki ya kukiona kwanza. Anayezuiwa hapati chuo kizuri zaidi. Anapata kile kilichochaguliwa na mwingine.

Nakumbusha hoja ya sehemu ya 3: taasisi ikiwa na nyuso za watu, sarufi huiita kwa. Kama mapadri wana kwa, wanafunzi wa lugha nao wanaweza kuwa nayo. Tangu Oktoba, watatu kati yetu tunaotoka visiwani na pwani ya ziwa tumewapa walimu wetu wa zamani namba zetu za simu, wazibandike kwenye mlango wa darasa la sita. Maagizo ni mafupi. Kabla ya kupanda boti, tuma jina lako na saa ya kuondoka. Ukiulizwa unaenda kwa nani, taja jina la mmoja wetu. Usipofika, sisi ndio tutakaokuja ufukoni kuuliza. Haituchukui pesa, na msomaji yeyote wa jarida hili mwenye shule ya zamani kando ya ziwa anaweza kufanya vivyo hivyo wiki hii.

Mwezi uliopita msichana mmoja alishuka Kituku na bahasha yake ya plastiki. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mchukuzi, sijajitambulisha bado. Mchukuzi akamuuliza swali letu. Hakusita.

— Naenda kwa yaya wa lugha.

Hakuwa ananijua. Sarufi yake ilikuwa sahihi.

Mazoezi

(a) Andika upya kwa Kiswahili sanifu: «Mutoto wa mama ananas iko kwabo», «Tulifika ku Kituku, tukafikia kwa yaya», «Vitu vyangu viko mu nyumba yangu.» Katika kila sentensi, eleza ni alama gani ya mahali umeibadilisha na kwa nini.

(b) Tafuta vitenzi vitano katika usemi wa nyumbani kwenu ambavyo, kama kuacha na kuachia, hubadilika maana kabisa vikipata kauli ya kutendea. Katika kila kimoja, nani ndiye mtu wa pili anayeongezeka?

(c) Katika lugha yako ya kwanza, je, kuna tofauti kati ya kwenda mahali na kwenda kwa mtu? Toa mifano miwili ya kila upande, kisha mmoja wa taasisi inayotajwa kama mtu.

(d) Kaa nusu saa kwenye lango la chuo chako. Andika swali ambalo mlinzi humuuliza mgeni, na majibu anayoyakubali. Ni majibu gani yana mtu ndani yake?